Kinyozi Asiyekuwa na Mwaka

Hilmi Jadallah alikuwa kinyozi, na duka lake lilikuwa jengo la mwisho kabla ya kizuizi cha kuingilia Jerusalemu. Si yeye aliyekichagua kizuizi kiwe jirani yake. Duka alirithi kwa baba yake, nalo lilikuwa katikati kabisa ya mji mdogo wa Beit Rummana, penye barabara iliyokwenda Jerusalemu moja kwa moja. Kisha wanajeshi wakaja na mapipa, baada ya mapipa wakaleta matofali ya saruji, baada ya matofali ukuta, mnara, mageti ya vyuma yanayozunguka na paa la bati, na Hilmi akajikuta anaishi mwisho wa dunia bila ya kuhama hata nusu hatua.

Watu walimpa pole wakidhani biashara imekufa. Kumbe ndiyo kwanza ilishika kasi. Mtu akitaka kuvuka sharti afanane na picha iliyo kwenye kitambulisho chake, na picha zile watu walipigwa wakiwa vijana wabichi, au wametoka kuugua, au wamefuga ndevu kwa sababu ya msiba. Askari huitazama picha, humtazama mtu, huitazama picha tena, halafu husema, "Huyu si wewe." Na mara nyingi askari huwa amesema kweli.

Basi waliorudishwa waliingia kwa Hilmi wakiwa na vitambulisho mkononi. "Nirudishe hapa," walimwambia, wakiweka kidole juu ya picha. Hilmi akawarudisha. Aliondoa ndevu za miaka, akatia rangi mvi, akalazimisha nywele zilizozoea kulia zilale kushoto. Babu mmoja alimnyoa mpaka akarudi kuwa bwana harusi, na mzee wa watu akalia kwenye kioo, si kwa furaha.

Alikuwa mtu wa karibu miaka sitini, mwembamba, hana mke, akiishi na dada yake Itidal, ambaye aliwapamba maharusi kwenye chumba cha juu ya duka. Itidal alikuwa na maneno ya kutosha watu wawili, na pengine ndiyo sababu Hilmi hakuwa nayo. Lakini sifa yake kubwa pale mjini ilikuwa nyingine. Hilmi hakuwa na mwaka.

Katika Beit Rummana kila mwanamume mwenye heshima zake alikuwa na mwaka wake, yaani mwaka ambao, kwa maoni yake, balaa hili lote lilianza. Kwenye viti vya Hilmi miaka hiyo ilipigana kila siku kuanzia asubuhi. Ustadh Rushdi Samara, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa wa mwaka kumi na saba, mwaka wa tamko la Waingereza la kuwaahidi Wayahudi makao Palestina. Aliutetea kama vile yeye mwenyewe alikuwepo akichungulia dirishani wakati linaandikwa. Abu Sufyan, mwenye kinu cha kukamulia zeituni, alikuwa wa arobaini na nane, kwa sababu mwaka huo baba yake alitolewa kijijini kwao karibu na Lidda na godoro moja, na hadithi ya godoro hilo kila mteja aliijua mpaka michirizi yake.

"Godoro la baba yako halikutokea hewani!" Ustadh angesema. "Nani aliwapa ruhusa? Soma kumi na saba!"

"Kumi na saba baba yangu alikuwa hajazaliwa! Mtu ataanzaje kuonewa kabla hajazaliwa?"

"Ndiyo historia hiyo, ewe muuza mafuta!"

"Basi historia yako ije ilale chini bila godoro, tuone."

Wakishachoka wao kwa wao, walimgeukia mwenye duka. "Hebu wewe sema, Hilmi. Ilianza lini?"

"Mimi nasema inua kidevu," Hilmi angejibu, na wembe ukaendelea kushuka.

Walimcheka, wakamwita kiti cha tatu. Hakujali. Na ukimya wake ulikuja kumpa faida ambayo hakuiwazia. Ustadh Rushdi alipopata mtoto wa jicho na kupangiwa kupasuliwa katika hospitali moja ya Jerusalemu, alitakiwa awe na mtu wa kumsindikiza. Mkewe alikuwa amekwisha fariki. Mwanawe alikataliwa kibali kwa sababu za usalama. Mpwa wake akakataliwa. Jirani, ambaye hajapata kugombana hata na paka, naye akakataliwa. Ndipo mtu akapendekeza jina la kinyozi, na kibali kikatoka haraka hata watu wakashtuka. Watu wa usalama waliposaka kwenye mafaili yao, hawakumkuta Hilmi Jadallah na neno hata moja alilowahi kulisema.

"Nakwenda kufunguliwa macho na mtu asiye na rai," Ustadh alilalamika. Lakini alikubali, kwani jicho la kushoto lilikuwa limeshakuwa kama glasi ya maziwa.

Siku moja kabla ya safari, Ustadh alikuja kutengenezwa masharubu. Masharubu yake yalikuwa mali ya umma. Wanafunzi wa vizazi vitatu waliyaogopa, na kwenye kitambulisho yalichukua nafasi kubwa kuliko macho. Hilmi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza kupunguza pembeni kwa uangalifu wa mtu anayepogoa mzabibu wa jirani. Mara Abu Sufyan akaingia, akaketi, akaagiza kahawa kwa kupaza sauti, kisha akasema bila kumtazama mtu:

"Kesho ukifunguliwa jicho, Ustadh, utasoma vizuri. Utaona kwamba Waingereza wako waliandika karatasi tu. Karatasi haimtoi mtu nyumbani kwake."

Ustadh aligeuza kichwa. Hakukigeuza polepole, alikigeuza chote kwa mpigo, kama mlango uliopigwa na upepo, na mashine ilikuwa juu ya mdomo wake.

Sauti iliyosikika ilikuwa ndogo sana. Nusu ya masharubu ya Ustadh Rushdi ikaanguka juu ya kitambaa cheupe, ikalala pale. Ustadh alijitazama kwenye kioo kwa jicho lake moja, na hilo moja likatosha.

"Ya Rabbi," alisema taratibu. "Mmeniua."

Itidal aliposikia duka limenyamaza alijua kuna maafa, akashuka ngazi akiwa bado na brashi ya poda mkononi. Alitazama mdomo, akatazama kitambaa.

"Nani alianza?" aliuliza.

Ustadh alimnyooshea kidole Abu Sufyan, naye Abu Sufyan akamnyooshea Ustadh. Itidal akamgeukia kaka yake. "Hilmi! Nani alianza?"

"Mashine," Hilmi alisema.

Hali ilikuwa mbaya kweli. Kibali kilikuwa cha kesho tu. Kukipata kingine kungechukua miezi, na daktari alikwisha kusema kwamba jicho halina miezi hiyo. Hilmi alijaribu kuondoa nusu iliyobaki ili angalau uso uwe sawasawa, na hapo mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu chini ya masharubu hakukuwa na Ustadh Rushdi. Alitokea mzee mpole mwenye mdomo mwembamba, ambaye hakuna aliyemfahamu. Hata Abu Sufyan alitikisa kichwa kwa huruma.

"Huyu hapiti," alisema. "Mimi mwenyewe nisingempitisha."

Itidal alikuwa anafikiri. Alipanda juu, akarudi na kichupa kidogo. "Gundi ya kope," alisema. "Bibi harusi analia nayo usiku kucha, anacheza, anakumbatiwa na shangazi zake wote, na kope haidondoki. Tunachotaka ni nywele tu."

"Nywele zake tumezikata vipande vipande," Hilmi alisema.

"Zake ndiyo." Itidal alimtazama Abu Sufyan juu ya mdomo. Wote wakamtazama.

Abu Sufyan alifunika masharubu yake kwa kiganja. Yalikuwa meusi, mapana, yamenyooshwa kwa mafuta ya kinu chake mwenyewe. "Hapana. Hapana, wallahi. Haya ni ya baba yangu!"

"Ya baba yako?"

"Mtindo! Mtindo ni wa baba yangu. Alitoka nao Lidda."

"Ulisema alitoka na godoro tu," Ustadh alisema.

"Wewe nyamaza, huna mdomo wa kusemea!"

Itidal aliweka mikono kiunoni. "Abu Sufyan, mwenzio atapofuka kwa sababu ya ulimi wako. Utakuwa unabishana na nani? Na Hilmi?"

Hapo Abu Sufyan alikaa kwenye kiti akafumba macho, akamtaka Hilmi asimame upande wa kibla na afanye upesi. Nywele zilipoanza kukatika alinung'unika, "Andikeni popote mnapoandika, kwamba arobaini na nane imetoa, kumi na saba imepokea." Itidal alizipanga nywele juu ya kipande cha shashi, unywele kwa unywele, kama anavyofanya kope, na jioni masharubu mapya yakabandikwa. Yalikuwa meusi kupita kichwa, ikabidi nywele nazo zipakwe rangi. Ustadh Rushdi alitoka pale amekuwa kijana kuliko picha yake.

Asubuhi, Hilmi na Ustadh waliingia kwenye foleni ya vyuma. Lilikuwa joto la mwezi wa saba, lile linaloanza kabla ya jua. Chini ya bati watu walisimama kifua kwa mgongo, mafundi wa ujenzi na mifuko yao ya mikate, wanawake na vikapu vya majani ya mzabibu, wagonjwa na bahasha zao za picha za mifupa. Ustadh hakuthubutu kuongea wala kujifuta jasho. Alipumua kwa kinywa. Hilmi alimshika kiwiko, na kila waliposogea alimchungulia juu ya mdomo.

"Yameshika?" Ustadh alinong'ona.

"Yameshika. Usicheke tu."

"Nicheke kitu gani hapa?"

Nyuma ya kioo kinene alikaa msichana askari, jina lake Noga, mwenye nywele za kusuka na uso wa mtu aliyeamshwa mapema kila siku tangu azaliwe. Alichukua kitambulisho, akatazama picha, akamtazama Ustadh, akatazama picha.

"Umekuwa mzuri," alisema kwa kipaza sauti, bila kutabasamu. "Weka kidole kwenye mashine."

Ustadh aliweka kidole. Taa ndogo ikawaka kijani. Hilmi akashusha pumzi aliyoishikilia tangu jana. Na hapo, unywele mmoja wa Abu Sufyan ukaingia puani kwa Ustadh Rushdi.

Alijikaza. Mabega yalipanda, macho yalimtoka, uso ukawa mwekundu. Kisha akapiga chafya, chafya ya mwalimu wa zamani, ya kusimamisha darasa la mwisho wa korido. Masharubu yaliruka, yakanata kwenye kioo, usawa wa uso wa Noga, yakaning'inia pale yakitikisika.

Noga alipiga ukelele. "Yigal! Yigal, kitu! Kuna kitu!"

King'ora kililia. Mageti yakakaza. Watu wa nyuma waligongana na wa mbele, mtu akaanza kutukana ukoo mzima wa mtu asiyemjua. Mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia Yigal, askari wa akiba, mtu mzima mwenye kitambi na miwani, bunduki mbele. Alikisogelea kioo hatua kwa hatua, akayagusa masharubu kwa ncha ya kalamu, akaruka nyuma, akayagusa tena.

"Ni nywele," alisema hatimaye.

"Nywele za nani?" Noga aliuliza.

"Za Abu Sufyan," Ustadh alijibu. Alilelewa kusema kweli pale anapobanwa.

Ikabidi waeleze. Yigal alitaka kujua Abu Sufyan ni nani, na masharubu yake yamefikaje kwenye uso wa mwingine, na ya mwenyewe yako wapi. Ustadh alieleza habari ya mashine. Yigal akauliza kwa nini aligeuza kichwa. Ustadh akasema aligeuza kichwa kwa sababu ya ubishi. Ubishi gani? Ustadh alisitasita. Ubishi wa mwaka, alisema. Kwamba haya yote yalianza lini.

Yigal alivua miwani, akaifuta kwenye shati.

"Na wewe unasema lini?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba!" Yigal alicheka kwa kebehi. "Babu yangu alikuwa Hebroni mwaka ishirini na tisa, Wayahudi walipouawa. Niulize mimi ilianza lini."

"Ishirini na tisa ni matokeo, bwana! Wewe unaanza kitabu katikati!"

"Katikati? Babu yangu alijificha chini ya kitanda siku mbili, unaniambia katikati?"

"Mimi nilifundishwa ilianza kwa Ibrahimu," Noga alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikasambaa chini ya bati lote. "Wake wawili, watoto wawili. Imekwisha."

"Ibrahimu hakuwa na shida!" mwanamke mmoja wa majani ya mzabibu alipaza sauti kutoka nyuma. "Shida ilianza sitini na saba, shamba letu lilipochukuliwa!"

"Mama, sitini na saba ni juzi!" fundi mmoja alimjibu. "Ni Waturuki hao na sheria zao za ardhi!"

"Thelathini na sita!"

"Napoleoni!"

Foleni nzima ilikuwa imeingia. Watu ambao tangu alfajiri walisukumana kugombea nafasi, sasa walipanda juu ya mifuko yao wakirushiana miaka kama nyanya. Yigal alikuwa ameshaweka bunduki mgongoni ili mikono yake yote miwili iwe huru kwa mazungumzo. Ustadh Rushdi, bila masharubu, alirudi kuwa Ustadh Rushdi. Alinyoosha kidole juu, akasema, "Mmoja mmoja, mmoja mmoja!" na hata Noga akainua mkono kuomba nafasi.

Peke yake Hilmi alisimama kimya akishika bahasha ya daktari. Yigal alimwona.

"Na wewe? Wewe ni nani?"

"Kinyozi."

"Ndiye aliyekata masharubu," Ustadh alisema. "Huyu usimuulize, huyu hana mwaka."

"Kila mtu ana mwaka," Yigal alisema. "Sema, kinyozi. Ilianza lini?"

Hilmi alitaka kusema kama alivyozoea, ila hapakuwa na kidevu cha kuinuliwa. Wote walikuwa wanamtazama. Alijisikia kinywa kinafunguka chenyewe.

"Tisini na tatu," alisema. "Mwezi wa tatu."

Ustadh Rushdi akaangua kicheko. "Tisini na tatu! Ndugu yangu, huo ndio mwaka viongozi wetu na wao walipopeana mikono ya amani!"

"Tisini na tatu tulikuwa tunakaribia amani," Yigal alisema, ameudhika kweli. "Umechagua mwaka mbaya kuliko yote."

"Mama yangu alikuwa bado yuko shule," Noga alisema.

"Ameharibika huyu," alisema mwanamke wa majani ya mzabibu. "Jua limempiga."

Na hapo likatokea jambo ambalo wanadiplomasia wamelitafuta kwa miaka mingi wasilipate. Askari na foleni, wa kumi na saba na wa ishirini na tisa, wa Waturuki na wa Ibrahimu, wote kwa pamoja, bila mpatanishi, walikubaliana. Walikubaliana kwamba Hilmi amekosea. Walimweleza kwa Kiarabu na kwa Kiebrania. Fundi alimuunga mkono Yigal. Yigal akamwambia fundi, "Mwambie, mwambie!" Watu walitabasamiana.

Hilmi alisubiri wamalize. Hawakumaliza. Ndipo akapiga kelele, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe aligeuka kuona imetoka wapi.

"Nilikuwa na mchumba! Sawsan! Wadi al-Joz, huko Jerusalemu, dakika kumi na tano kwa basi! Kila Alhamisi nilifunga duka, nikanunua kunafa ya moto, ile ya jibini na shira, nikafika nayo bado ni ya moto. Mwaka kumi na saba kunafa ingefika! Arobaini na nane sikuwepo, sitini na saba nilikuwa mtoto wa kubebwa, nilisikia yote kwa wakubwa kama nyinyi mlivyosikia. Mwezi wa tatu tisini na tatu nilitoka na sinia mkononi, nikakuta mapipa barabarani. Mtu kama wewe," alimnyooshea Yigal, "akaniambia leo imefungwa, njoo kesho. Kesho! Nikaomba kibali. Wakauliza sababu ya safari. Nikasema mchumba. Wakaniambia mchumba si dharura. Miaka miwili alinisubiri. Miaka miwili, yuko pale, naona taa za mtaa wao kutoka juu ya paa la duka! Baba yake akachoka. Akamwoza kwa daktari wa meno wa ghorofa ya juu, kwa sababu yeye alihitaji kushuka ngazi tu. Sasa nyinyi bishaneni. Mimi yangu ilianza siku hiyo, na hakuna mtu atakayeniambia nilikosea tarehe!"

Bati lilialika kwa joto. Mtoto alilia mahali fulani.

"Kwa nini hukusema miaka yote hii?" Ustadh aliuliza polepole.

"Mlikuwa mnaongea."

Noga aliuliza kwa sauti ndogo, ingawa kipaza sauti kiliitoa yote, "Bado yuko kule?"

"Ana wajukuu," Hilmi alisema. "Wana meno mazuri sana."

Wakati huo ofisa alifika mbio, amevurugika, akitaka kujua kwa nini njia zote zimefungwa na kwa nini yapo masharubu kwenye kioo. Hakuna aliyeweza kumweleza kwa ufupi. Alichukua kitambulisho cha Ustadh, akatazama kwenye kompyuta, akapumua kwa hasira.

"Kidole kilikubaliwa tangu mwanzo," alisema. "Kidole kinasema ni yeye. Nani aliwaambia masharubu yanatakiwa? Mashine haijui masharubu. Mpitishe."

Hilmi aliyasikia maneno hayo vizuri. Aliwafikiria wote aliowanyoa, akiwemo yule babu aliyelia kwenye kioo. Lakini ofisa alikuwa ameshamgeukia.

"Na huyu ndiye aliyepiga kelele?"

Ustadh Rushdi alipita peke yake kwenda hospitali, akigeuka nyuma kila hatua. Hilmi aliwekwa kwenye chumba chenye benchi na feni mbovu. Baada ya adhuhuri akaja bwana mmoja aliyevaa shati la kiraia, mwenye Kiarabu kizuri kuliko cha redio, akaketi mbele yake kama rafiki.

"Bwana Hilmi," alisema, "miaka yote hii husemi neno. Hukuandamana, hukutia saini, hukuandika ukutani. Leo unahutubia foleni nzima. Nani yuko nyuma yako?"

"Nyuma yangu alikuwa mama mmoja na majani ya mzabibu."

"Ninachouliza ni nani amekutuma."

"Mzee mmoja alipiga chafya," Hilmi alisema.

Bwana yule aliandika. Jioni walimfungulia mlango wa upande aliotokea, na kuanzia siku hiyo kila alipoomba kibali alijibiwa kwamba amekataliwa kwa sababu za usalama. Alikuwa amekuwa kama watu wengine. Habari zilipoenea, majirani walimletea baklawa na vitamu vingine, na mwana wa Ustadh alimpa mkono kwa heshima, kama mtu anayemkaribisha mwanachama mpya.

Upasuaji ulifaulu. Ustadh alirudi na kibandiko cheupe juu ya jicho, na siku kilipoondolewa alikwenda moja kwa moja dukani. Abu Sufyan alikuwepo, masharubu yake yameanza kuota, nayo yaliota meupe kabisa. Ustadh alimsogelea, akamchunguza kwa jicho jipya kutoka paji mpaka kidevu.

"Subhana Allah," alisema. "Kumbe uso wenyewe ndio huu. Sasa naelewa kwa nini hufiki nyuma ya arobaini na nane."

"Na mimi naona jicho limepona ila kichwa wamekisahau!"

Wakaanza. Lakini safari hii hawakufika mbali, kwa sababu Hilmi alizima mashine.

"Nyote wawili mnasahau mapipa," alisema.

Tangu hapo ikawa hivyo. Kinyozi aliyekaa kimya miaka thelathini alikuwa na akiba kubwa. Alisimamisha wembe katikati ya shavu la mteja ili afafanue, akachora barabara ya zamani kwa povu kwenye kioo, akaonyesha basi lilisimama wapi. Wenye haraka ya kuvuka walimsihi, "Maliza kwanza upande huu, kwa hisani yako." Ustadh alimjibu kwamba kwa msomi tisini na tatu haiwezi kuitwa chanzo, ingawa sasa alilisema hilo kwa sauti ya chini na bila kucheka. Itidal, maharusi wake wakishindwa kusikia muziki, aliwagongea kwa kisigino sakafuni.

Hilmi alikuwa pia amewatangazia watu habari ya kidole, kwamba mashine haijui masharubu. Hakuna aliyemwamini. Waliendelea kuja na picha zao, naye akaendelea kuwarudisha, isipokuwa sasa iliwabidi wamsikilize.

Jumamosi moja wateja wawili waliondoka kabla hajawafikia, wakinong'ona kwamba mwaka wa mtu mmoja hauwezi kuwa mwaka wa watu wote. Hilmi aliwasikia. Hakuwaita warudi, alikuwa na kichwa cha Abu Sufyan mikononi na alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye sinia la kunafa.